Jina la Mtoto Katika Orodha ya Meli

Familia inapojiandaa kwa safari ya bahari, yanayotangulizwa ni yale yaonekanayo kwa macho: nguo za harusi, zawadi za wenyeji, chakula cha njiani na nauli. Mtoto mchanga huhesabiwa kuwa ni sehemu ya mama yake. Hana mzigo, hana kiti, na aghalabu hudhaniwa kuwa hana haja ya karatasi yoyote. Dhana hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia wiki hii. Mpakani na bandarini, mtoto wa miezi mitatu ni msafiri kamili, mwenye jina lake, uraia wake na hati yake. Mtoto mmoja asiye na hati aweza kuwarudisha nyumbani watu wanane waliokwisha kulipa nauli. Na mtoto asiyeandikwa katika orodha ya abiria amebeba hatari kubwa kuliko hasara ya nauli.

Tumeichukua Lugulu kuwa mfano wetu, ingawa iko mbali na pwani. Lugulu ni kituo katika kaunti ya Bungoma, kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Waislamu wa sehemu hizo ni wachache kati ya majirani zao Wakristo, lakini udugu wao na pwani si wa jana. Uislamu ulifika magharibi ya Kenya katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliopiga kambi Mumias, na tangu hapo watu wameoleana, wamefuata elimu ya dini na wamefuata kazi. Leo kuna mabinti wa Bungoma na Kitale walioolewa Likoni na Kisauni, na kuna wa pwani walioolewa huko bara. Likizo ya shule inapofunguka, au harusi inapotangazwa Unguja ama Pemba, familia hizo husafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Mombasa kabla hata ya kuiona meli. Aliyeko Kisauni akikumbuka usiku wa kuamkia safari kwamba cheti cha mtoto kimesahaulika, huenda akakiendea na kurudi. Aliyetoka Lugulu hana njia hiyo. Kwa hiyo mwenye kujifunza maandalizi na ajifunze kwa anayetoka mbali.

Kitambulisho cha baba hakimtoshi mwana

Watu wa Bungoma na Trans Nzoia wamezoea mpaka. Malaba, Lwakhakha na Suam ziko karibu nao, na jamaa zao wengi wako Mbale, upande wa pili wa Mlima Elgon. Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvuka kati ya nchi hizo tatu kwa vitambulisho vyao vya taifa. Wepesi huo ni neema, lakini umezaa mazoea mawili yenye madhara.

La kwanza, mzazi huona kwamba kitambulisho chake kinamfunika na mtoto wake. Hakimfuniki. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, na kinamtaja mtu mmoja tu. Mtoto hana kitambulisho. Kwa hivyo njia iliyo wazi kwa baba si lazima iwe wazi kwa mwana. Hati ya mtoto ni pasipoti yake mwenyewe, au hati ya muda ya kusafiria ndani ya Afrika Mashariki, ambayo nayo huombwa kwa kutegemea cheti chake cha kuzaliwa. Kwamba jirani alipita Malaba na mtoto mgongoni bila kuulizwa neno si sheria. Ni bahati ya siku ile, na bahati hairithiwi.

La pili, mzazi huchukua mazoea ya Malaba akaenda nayo Lungalunga. Tanzania haikuingia katika mpango ule wa vitambulisho. Familia itokayo Mombasa kwenda Unguja kwa barabara huvuka Likoni, hupita Lungalunga na Horohoro, kisha hupanda meli kutoka Tanga au Dar es Salaam. Katika njia hiyo kila mmoja, mkubwa na mdogo, hudaiwa pasipoti au hati ya muda. Wala kazi haikwishi Horohoro. Zanzibar ina maafisa wa uhamiaji bandarini mwake, na mgeni ashukaye melini huonyesha hati yake tena, japokuwa ametoka Dar es Salaam, ndani ya jamhuri ile ile. Mama aliyeificha pasipoti ya mtoto chini kabisa ya sanduku atalifungua sanduku lote gatini, watu wakimsubiri nyuma yake.

Wako wazee wetu wanaokumbuka zama ambazo mume alibeba pasipoti moja, na ndani yake mmeandikwa mke na watoto. Ilikuwa ndiyo desturi ya ulimwengu, na kweli watoto walisafiri hivyo. Lakini desturi ile ilikuwa na kasoro kubwa. Mtoto aliyeandikwa jina tu, bila picha, angeweza kubadilishwa na mwingine, na mama asiye na hati yake mwenyewe alikuwa hawezi kurudi kwao bila ya mume. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo ndilo liwekalo vipimo vya pasipoti duniani, likaamua kwamba kila mtu awe na pasipoti yake, awe na umri wowote. Kwa hiyo babu anaposema, "Zamani tulimwandika tu kwenye ya baba yake," asemalo ni kweli, ila zama zake zimepita.

Mzizi wa karatasi zote

Pasipoti ya mtoto haianzi katika ofisi ya uhamiaji. Huanza kitandani mama alipojifungulia. Mama akijifungua katika hospitali ya misheni pale Lugulu, au katika hospitali ya Webuye, hupewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kabla ya kutoka. Akijifungua nyumbani, naibu wa chifu ndiye aliyepewa jukumu la kuandika taarifa hiyo. Karatasi hiyo si cheti. Ni ushahidi utumikao kupatia cheti cha kuzaliwa kutoka kwa msajili wa serikali. Mama wengi huihifadhi ndani ya kitabu cha kliniki kwa miaka wakidhani kazi imekwisha, mpaka siku ya safari ndipo wanapoambiwa kwamba mtoto hajapata cheti.

Sheria ya Kenya ya usajili wa vizazi na vifo inatoa miezi 6 ya kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto. Muda huo ukipita, usajili huitwa wa kuchelewa. Hauzuiwi, lakini hudai ushahidi zaidi na safari nyingi zaidi za ofisini. Na jambo hili si fadhila ya serikali. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kifungu cha 14 kinampa uraia wa kuzaliwa mtoto ambaye mama yake au baba yake ni raia wa Kenya. Mmoja kati yao atosha.

Hapa pana jambo linalotuhusu Waislamu hasa, nalo ni jina. Hospitali huuliza jina la mtoto siku ya kwanza au ya pili, ilhali kwetu sunna ni kumpa mtoto jina siku ya saba, pamoja na akika. Muuguzi hungoja na kalamu mkononi, na mama aliyechoka hutaja lolote limjialo. Kwa familia za Lugulu yapo majina mengine ya kupendeza yanayokuja kwa msimu: mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula au Nafula, wa wakati wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, wa kiangazi ni Simiyu au Nasimiyu. Basi mtoto huandikwa Nekesa hospitalini, huitwa Maryam siku ya akika, na madrasa humwandika Mariamu binti fulani. Mtoto ni mmoja, majina matatu, na karatasi hazikubaliani.

Hakuna ubaya wowote kwa mtoto kuwa na jina la ukoo wake pamoja na jina la dini yake. Ubaya ni kuyaacha yatawanyike katika karatasi mbalimbali. Njia ya kwanza ni baba na mama kukubaliana jina kamili kabla ya uchungu kuanza, wakaliandika kwenye karatasi na kulitia katika kitabu cha kliniki, ili hata akiulizwa bibi pale hospitalini aweze kulitaja herufi kwa herufi. Akika itabaki siku yake, na jina litatangazwa siku hiyo. Njia ya pili ni kwa wale waliokwisha kuandikwa. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mzazi, ndani ya miaka 2 tangu usajili, kuandikisha jina alilopewa mtoto baadaye, kwa kulipa ada na kuleta ushahidi ambao msajili ataridhika nao. Wengi hawaijui ruhusa hii. Mwenye mtoto wa mwaka mmoja na cheti chenye jina asiloitwa, bado ana nafasi. Na aitumie sasa, asingoje tiketi.

Na herufi ni herufi. Fatma si Fatuma, Abdalla si Abdallah, Khadija si Hadija, mbele ya afisa anayelinganisha karatasi mbili. Iliyo katika cheti ndiyo itakayofuatwa na pasipoti, na iliyo katika pasipoti ndiyo iwe katika tiketi.

Mama peke yake, bibi na mlezi

Familia zetu hazisafiri daima zikiwa baba, mama na watoto. Mara nyingi baba yuko kazini Qatar au Saudia, au mama ndiye aliyeko huko na watoto wameachwa kwa bibi Kitale. Wako walioachana, wako wajane, na wako mayatima waliopokewa na ami zao. Hawa ndio wanaosimamishwa zaidi mpakani, na si kwa dharau. Kenya ina sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, na afisa anayemwona mtoto na mtu mzima wasiokuwa na jina moja anapaswa kuuliza. Swali lile lile linalotuudhi ndilo linalomwokoa mtoto aliyeibwa.

Dawa ya swali hilo ni barua. Mzazi asiyesafiri aandike ridhaa yake, ataje jina kamili la mtoto na namba ya hati yake, jina la anayesafiri naye, mahali wanapokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Aambatanishe nakala ya kitambulisho chake, na barua ithibitishwe mbele ya wakili. Mjane achukue cheti cha kifo cha mumewe. Aliyeachwa na kupewa malezi na mahakama ya Kadhi au nyingine, achukue nakala ya hukumu. Maneno ya mdomo, hata yakiwa ya kweli tupu, hayana muhuri.

Ipo familia itakayosema: baba amekwenda zake, jina lake tutalipataje? Zamani sheria ilizuia jina la baba kuandikwa katika cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, isipokuwa kwa maombi ya wazazi wote wawili au kwa ushahidi kwamba walioana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kizuizi hicho kinapingana na Katiba, kwa kuwa kinambagua mtoto kwa jambo asilolitenda. Suala la nasaba kwa mujibu wa dini lina wanachuoni wake, na si shabaha yetu hapa. Tunalotaka lijulikane ni kwamba hakuna mtoto wa Kenya aliyehukumiwa kukosa cheti kwa sababu ya hali ya wazazi wake. Mama aliyezuiwa na aibu kwenda kwa msajili na asizuiwe tena. Aibu yake haimsaidii mwana, na cheti kitamsaidia maisha yake yote.

Kwa mlezi wa yatima, neno moja zaidi. Uislamu unataka mtoto aliyelelewa katika kafala abaki na nasaba ya baba yake mzazi, wala asipewe ubini wa mlezi. Hivyo ndivyo ilivyo haki, lakini maana yake ni kwamba jina la mtoto na la mlezi hayatafanana kamwe, na kila mpaka utauliza. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua kafala kuwa njia ya malezi. Mlezi asiridhike na makubaliano ya ukumbini baina ya ndugu. Aifanye kafala yake iandikwe kwa njia ya sheria, kisha asafiri na karatasi hizo kama anavyosafiri na pasipoti.

Siku ya kwenda kwa pasipoti

Maombi ya pasipoti huanzia katika mtandao wa serikali, eCitizen. Asiye na kompyuta wala simu ya intaneti apate msaada katika vituo vya Huduma, na Bungoma na Kitale viko. Kwa mtoto hutakiwa cheti cha kuzaliwa, cha asili na nakala, pamoja na vitambulisho vya wazazi na ridhaa yao. Kisha mtoto mwenyewe hupelekwa katika ofisi ya uhamiaji, kwa kuwa pasipoti ya kielektroniki, ambayo Kenya ilianza kuitoa Septemba 2017, hubeba picha na alama za mwili wa mwenyewe. Kwa watu wa magharibi, Kisumu na Eldoret zina ofisi hizo, wala hapana haja ya kwenda Nairobi.

Mama ajitayarishe kwa siku hiyo kama anavyojitayarisha kwa kliniki: maziwa, nguo za kubadili, na subira. Picha hutaka uso wote wa mtoto uonekane, macho yakiwa wazi, pasiwe na mkono wa mtu wala kofia. Mtoto aliyeshiba hupigwa picha moja; mwenye usingizi hupigwa kumi.

Na akumbuke kwamba muda wa kupata pasipoti hautabiriki. Miaka ya karibuni Wakenya wengi wamesubiri kwa wiki nyingi na hata miezi. Kwa hiyo tiketi ifuate pasipoti. Kufanya kinyume chake ni kucheza kamari na fedha ya familia.

Meli kubwa za kitalii

Mombasa sasa ina jengo la abiria wa meli za kitalii katika bandari ya Kilindini, na meli hizo hutia nanga katika msimu wa kaskazi zikipitia Zanzibar, Shelisheli, Bukini na Morisi. Wapo jamaa zetu walioko Ulaya, Uarabuni na Marekani ambao huchukua likizo kwa meli kama hizo pamoja na watoto, na huwaalika wazee wao wajiunge nao. Yafaa kujua jinsi safari hizi zinavyotofautiana na kivuko cha Unguja.

Kwanza, meli ya namna hii hutua nchi nyingi ndani ya wiki moja au mbili, na kila bandari ni mpaka. Pasipoti ya mtoto yapasa kubaki na angalau miezi 6 kabla ya kwisha, na iwe na kurasa tupu za mihuri. Viza hutazamwa kwa kila nchi peke yake, na kwa kila mtoto peke yake. Kampuni ya meli huzikagua karatasi kabla ya kupanda, na isiporidhika humwacha abiria gatini.

Pili, umri. Makampuni mengi hayampokei mtoto aliye chini ya miezi 6, na kwa safari za siku nyingi katika bahari kuu huweka miezi 12. Sababu ni kwamba daktari wa melini hana vifaa vya kumtibu mtoto mchanga akizidiwa, na hospitali huenda ikawa mwendo wa siku mbili. Tarehe iliyo katika cheti cha kuzaliwa ndiyo inayoamua, wala si maneno ya mama kwamba mtoto wake ni mkubwa kwa umbo.

Tatu, tahadhari na habari za Marekani. Huko ipo ruhusa, iliyoanza Juni 2009, kwamba mtoto raia wa Marekani aliye chini ya miaka 16 aweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa tu, katika meli ya kitalii inayoanzia na kuishia bandari ile ile ya Marekani. Shangazi aliyeko Florida akiwaambia ndugu zake wa Webuye kwamba "cheti cha mtoto chatosha," anasema kweli ya kwake. Ruhusa hiyo haimhusu mtoto asiye raia wa Marekani, wala haina nguvu Kilindini au Malindi ya Unguja.

Nne, chanjo. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na nchi kadhaa hudai cheti cha chanjo hiyo kwa abiria atokaye kwetu. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Atakayechanjwa jana na kusafiri leo atahesabiwa kuwa hajachanjwa. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo kihifadhiwe pamoja na pasipoti. Cha mtoto kiandikwe jina lile lile lililo katika pasipoti yake.

Orodha ya abiria

Tumeyasema ya mpakani. Limebaki la baharini kwenyewe, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria ikikaribia Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, ambao ndio wengi na ndio maskini, hawakuwa nayo. Mamia walikufa, na hadi leo hakuna anayeweza kutaja idadi yao kwa yakini.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imejaa familia zilizokuwa zikirudi makwao baada ya sikukuu. Meli ile ilikuwa na kibali cha kubeba watu 645, na tume ya uchunguzi ilikuta kwamba waliokuwemo walizidi 2,000. Idadi ya kweli ilikuja kujulikana kwa kuwauliza jamaa, nyumba kwa nyumba, nani hakurudi. Zimo nyumba Pemba ambazo zilipoteza watoto ambao majina yao hayakuwa katika karatasi yoyote ya meli. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini umelifikiria jambo hili. Unataka watu wote wahesabiwe kabla ya meli ya abiria kuondoka, na kwamba orodha iwekwe nchi kavu yenye majina na jinsia, ikiwatenga watu wazima, watoto na wachanga. Vilevile unataka pawe na majaketi ya kuokolea yanayowatosha watoto wote, na mengine maalumu kwa wachanga. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto. Akiwa majini huteleza likabaki peke yake. Na nahodha atajuaje majaketi madogo yanayohitajika ni mangapi, ikiwa watoto walipanda wakiwa wamefunikwa kanga na hakuna aliyewahesabu?

Mpaka huu mkataba umewekwa kwa meli za kimataifa, na vyombo vya ndani vina kanuni za nchi zao. Lakini mama haitaji kungoja mkataba. Anaponunua tiketi yake, na amtaje mtoto kwa jina na umri, na aone kwamba ameandikwa, hata kama mtoto hachajiwi nauli. Karani akisema, "Mama, huyo mdogo hahesabiwi," na amjibu kwa adabu, "Ndugu yangu, naomba umwandike." Tiketi ya mtoto isiyo na thamani ya fedha ina thamani nyingine. Akishaingia melini aulize majaketi ya watoto yako wapi, ayaone kwa macho yake, kabla ya kutandika mkeka. Na akiona watu wanazidi nafasi, ashuke. Harusi itafanyika bila yeye, na hakuna wa kumlaumu.

Kwa muhtasari wa nyumbani

Kwa familia inayokusudia kusafiri, mpango wetu ni huu. Miezi sita kabla, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto kiwe mkononi na jina lisomwe herufi kwa herufi. Miezi mitano kabla, maombi ya pasipoti yawe yameingia. Miezi miwili kabla, chanjo na barua ya ridhaa. Nauli ilipwe baada ya hayo. Siku ya safari, hati za watoto wote ziwe katika mfuko mmoja usiopitisha maji, uvaliwe mwilini na mtu mzima, na nakala zake zibaki kwa jamaa nyumbani na katika simu ya mwingine. Watoto wakubwa wafundishwe kutaja majina yao kamili, ya baba zao, na namba ya simu ya mzazi.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika: deni liandikwe, dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Ikiwa mali yetu ndogo imeamrishwa kuandikwa ili haki isipotee, basi mtoto, ambaye ni amana kubwa kuliko mali yoyote, ndiye wa kwanza kustahiki kalamu. Mtoto mchanga hawezi kusema yeye ni nani wala wa nani. Wa kumsemea ni wazazi wake, na pale wasipokuwapo, itamsemea karatasi waliyomwandikia.